Maiti Hahitaji Kuitwa, Anahitaji Kuombewa



Juma hili tulikusudia kuzungumza juu ya matumizi ya nyumbani, lakini barua moja imetubadilishia nia. Imetoka kwa mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ambaye ametoka eda miezi michache iliyopita. Ametupa ruhusa ya kukisimulia kisa chake kwa sharti kwamba tusimtaje jina wala mtaa anaokaa, na sharti hilo tumeliheshimu.

Wakati wa likizo ya shule, binti yake mwenye umri wa miaka 13 alilala chumba kimoja na mabinti wawili wa ami yake. Usiku mama aliamka ili asali tahajudi, akasikia mnong'ono. Aliposukuma mlango aliwakuta wasichana watatu wameketi sakafuni, wamekizunguka kipande cha katoni kilichoandikwa herufi zote kwa kalamu ya wino. Katikati palikuwa na kikombe cha kahawa kilichofudikizwa, na kila mmoja ameweka kidole chake juu yake. Walikuwa wakimwita marehemu baba. Mchezo huo walikuwa wameuona katika filamu waliyoitazama kwenye simu mchana wa siku ile.

"Nilitaka kupiga kelele," ametuandikia mama huyo, "lakini binti yangu aliniangalia akaniambia: Mama, Baba amejibu, amesema ananipenda. Nanyi mtanisamehe, maana kwa dakika moja nilitamani nami niketi niweke kidole changu. Mume wangu alikufa ghafla. Baada ya maziko alikuja fundi akisema anamdai shilingi 38,000 za kazi ya paa, na mimi sikuwa na habari ya deni hilo. Nilitaka kumuuliza kama ni kweli."

Tumeisoma barua hii zaidi ya mara moja. Wapo watakaosema kwamba dawa ya jambo hili ni bakora na kunyang'anya simu, na mlango ukafungwa. Sisi tunaona kwamba barua hii ina mambo mawili ndani yake, filamu na msiba, na kwamba anayeishughulikia filamu akauacha msiba hajatibu kitu.

Hamu iliyo chini ya hofu

Filamu za mizimu na mawasiliano na wafu ni nyingi, nazo zina soko kubwa. Mwaka 1990 ilitoka filamu ya Ghost, ambayo ndani yake kijana aliyeuawa anarudi akiwa roho ili amlinde mpenzi wake, na anazungumza naye kupitia kwa mwanamke mpiga ramli. Mwaka 1999 ikatoka The Sixth Sense ya M. Night Shyamalan, juu ya mtoto anayewaona wafu. Iliingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani kote. Mwaka 2005 ikaja White Noise, kisa cha mwanamume aliyefiwa na mkewe, akaambiwa kwamba sauti ya mkewe inasikika katika mvumo wa redio na runinga zisizoshika stesheni. Akanunua mitambo, akakesha usiku baada ya usiku akiisikiliza, na mwishowe akapoteza maisha yake mwenyewe. Mwaka 2014 ilitoka Ouija, ambayo wasichana ndani yake wanaketi kwenye ubao wa herufi ili wazungumze na rafiki yao aliyekufa.

Mtu akizitazama filamu hizi kwa makini ataona kwamba hofu ni kifuniko tu. Chini yake ipo hamu, na hamu hiyo ni ya kila aliyefiwa: laiti ningesikia sauti yake mara moja tu, laiti ningemuuliza neno moja. Mwenye kutengeneza filamu anaifahamu hamu hiyo na anaiuza. Ndiyo sababu binti yetu, ambaye baba yake amelala kaburini mwaka haujatimia, hakuitazama filamu ile kama walivyoitazama wenzake. Wao waliona mchezo, naye akaona njia.

Hamu hii si ngeni, wala haikuanza na sinema. Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York huko Marekani, wasichana wawili wa ukoo wa Fox, Kate na Margaret, walidai kwamba roho ya mtu aliyekufa inawajibu kwa kugonga. Habari zikaenea, watu wakamiminika, na madai hayo yakawa chanzo cha vuguvugu kubwa la kuwaita wafu katika nchi za Magharibi. Miaka 40 baadaye, mwaka 1888, Margaret alisimama mbele ya umati katika mji wa New York akakiri kwamba ile milio waliifanya wenyewe kwa viungo vya vidole vya miguu. Mwaka uliofuata aliyakana maneno yake hayo, lakini watu walikuwa wamekwisha kuoneshwa jinsi ilivyofanywa. Na ubao wa herufi, ambao wasichana wetu waliuiga kwa katoni, ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1891 na kuuzwa madukani kama mchezo wa nyumbani.

Wala tusiwacheke watu wa mbali. Pwani yetu nayo ina wapiga ramli, ina waganga wanaodai kuwa na habari za waliokwisha kufa, na zipo nyumba zinazokwenda kwao kwa siri baada ya msiba ili kuuliza nani kamuua marehemu. Undugu mwingi umekatika kwa majibu ya namna hiyo.

Mjane aliyengoja miaka kumi

Kisa kimoja cha kweli kinatufaa hapa. Harry Houdini alikuwa mfanya mazingaombwe mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Mama yake alifariki mwaka 1913, naye alimpenda mno. Mwaka 1922, katika mji wa Atlantic City, mke wa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, alijitolea kumwita mama huyo. Akashika kalamu, akaandika barua ndefu iliyojaa maneno ya mapenzi. Houdini aliipokea akaisoma. Juu ya barua palichorwa msalaba, nayo iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mama yake alikuwa Myahudi, mke wa rabi, asiyekuwa na Kiingereza cha kuandikia barua kama ile. Tangu hapo Houdini alizidi kuwafichua hadharani wale wanaowauzia wafiwa maneno ya uongo.

Yeye mwenyewe alikufa tarehe 31 Oktoba 1926. Kabla ya hapo alikuwa amekubaliana na mkewe, Bess, juu ya maneno ya siri, ili ikiwezekana kurudisha habari kutoka upande wa pili, mke aijue kuwa ni yake. Mjane huyo aliketi akamngoja. Alifanya hivyo kwa miaka kumi, hadi mwaka 1936, alipokaa kwa mara ya mwisho juu ya paa la hoteli moja huko Hollywood. Hakuna kilichokuja. Akaizima taa aliyokuwa akiiwasha kando ya picha ya mumewe.

Tunamhurumia mwanamke huyo, na hatumdharau. Lakini tunapomlinganisha na mjane wa Kiislamu tunaiona rehema ambayo pengine tumeizoea mno hata hatuioni. Mjane wetu amewekewa miezi minne na siku kumi. Katika muda huo huzuni yake inaheshimiwa, nyumba yake inalindwa, hadaiwi tabasamu wala mapambo. Kisha muda unakwisha, naye anafunguliwa mlango arudi katika maisha. Huzuni haishi siku hiyo, kila mjane analijua hilo. Kilichokwisha ni kungoja. Hakuna aliyemwambia aketi kando ya taa akitegea neno.

Je, kikombe kinasogezwa na nani?

Binti yetu alimuuliza mama yake swali la haki: kama si Baba, kikombe kilisogea vipi? Mtoto anayeuliza hivi anastahili jibu, na jibu lipo.

Mwaka 1853 mwanasayansi wa Uingereza Michael Faraday aliwachunguza watu waliokuwa wakizunguka meza na kudai kwamba roho inaisogeza. Alitengeneza kifaa chepesi cha kuonesha mikono yao inaelekea wapi, akabainisha kwamba ni wao waliokuwa wakiisukuma meza, bila ya wenyewe kujua. Si kwamba walisema uongo. Mwili wa mwanadamu hufanya miondoko midogo kufuata kile ambacho moyo unakitazamia, na mwenyewe hana habari. Ukiwafunga macho watu wanaotumia ubao wa herufi kisha ukaugeuza ubao, maneno huvurugika. Basi ikiwa binti aliyefiwa na baba ameweka kidole juu ya kikombe, na neno analolitamani kuliko maneno yote ni kwamba baba anampenda, hatuoni ajabu kikombe kuliandika neno hilo.

Sisi Waislamu hatuishii hapo, kwa sababu tunaamini kuwa majini wapo, na Qur'ani imetaja habari zao. Tumefundishwa pia kwamba shetani hudaka neno moja la kweli, akalitia katika sikio la kuhani, na kuhani akachanganya nalo uongo mia. Wanazuoni wametuonya kwamba kinachojibu kwa jina la marehemu, kama si udanganyifu wa mtu, huweza kuwa jini anayejifanya. Kwa hiyo, mwenye kuketi kwenye ubao ule yumo katika moja ya mambo mawili: ama anajibiwa na mkono wake mwenyewe, ama na kiumbe asiyemtakia heri. Katika yote mawili, baba hayumo. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala zake za masiku arubaini hazikubaliwi. Ukali huo ni kinga. Mwenye msiba ni mtu aliye wazi kama jeraha, na kila mwenye hila huingilia hapo.

Kuhusu waliokufa, Surat al-Mu'minun imetueleza kwamba baina yao na dunia kuna barzakhi mpaka siku ya kufufuliwa. Tuzingatie maana ya aya hizo za 99 na 100. Mtu anapofikwa na mauti anaomba arudishwe, na sababu ya kuomba kwake ni apate kutenda mema aliyoyaacha, wala harudishwi. Filamu zinatuonesha wafu wanaotamani kuja kusema nasi. Qur'ani inatuonesha mtu anayetamani amali njema. Tukilifahamu hili, tutajua la kumfanyia tumpendaye.

Haki za marehemu

Hapa tunakiri jambo moja. Katika The Sixth Sense wafu humjia yule mtoto kwa kuwa wana jambo lililobaki duniani, nao wanataka aliye hai awatimizie. Mtunzi wa hadithi hiyo amegusa kitu ambacho moyo wa mwanadamu unakijua: kwamba marehemu huacha mambo nyuma yake, na kwamba walio hai wana wajibu. Tofauti ni kuwa sisi hatuhitaji mzuka wa kutuambia wajibu huo. Umekwisha kuandikwa.

Saad bin Ubada, radhi za Allah ziwe juu yake, alifiwa na mama yake wakati yeye hayupo. Alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza kama itamfaa mama yake akimtolea sadaka. Akaambiwa ndiyo. Saad akaitoa bustani yake iwe sadaka ya mama yake. Tumtazame mtu huyu: alikuwa na hamu ileile ya mwenye kufiwa, tena na majuto ya kutokuwapo. Hakuuliza vipi ataisikia sauti ya mama. Aliuliza vipi atamfaa.

Na kubwa katika hayo ni deni. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba ililetwa jeneza ya mtu aliyekuwa anadaiwa dinari tatu bila ya kuacha cha kulipia, na Mtume akawaambia masahaba wamsalie wao. Abu Qatada akasema deni hilo liko juu yake, ndipo Mtume akamsalia. Basi yule mama, alipotamani kumuuliza mumewe juu ya fundi, alikuwa na hoja ya kweli. Alikosea mlango tu.

Tulimjibu hivi: ndugu yetu, deni huulizwa kwa maandishi na mashahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kuamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Mwite fundi kwa heshima mbele ya shemeji yako au mzee unayemwamini, muombe aoneshe mapatano yao. Itazame simu ya marehemu na kumbukumbu za M-Pesa. Lililothibiti lilipwe katika mali aliyoiacha kabla ya kurithi. Lisilothibiti lipelekwe kwa kadhi.

Wiki mbili baadaye alituandikia tena. Katika simu ya mumewe walikuta ujumbe wa mapatano ya kazi ya paa, na malipo ya kwanza ya shilingi 15,000. Fundi alipooneshwa alikumbuka, akaomba radhi. Deni lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa shilingi 23,000. Wamekubaliana lilipwe kwa miezi mitatu. Aliyeyapata malipo yale ndani ya simu ni binti yake, aliyeketi na mama yake jioni nzima akisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Katikati ya hesabu walikuta pia ujumbe ambao baba aliutuma siku binti huyo alipohitimu juzuu yake ya kwanza, akimwambia mama apike biriani. Wakalia pamoja. Tunadhani mtoto huyo alipata hapo jibu alilolitafuta katika kikombe.

Nasaha kwa wazazi

Kwanza, tujue watoto wanatazama nini. Hapa Kenya filamu huainishwa na KFCB kwa alama: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa wazazi, kisha 16 na 18. Lakini filamu inayopita kutoka simu hadi simu haiji na mzazi wa kusoma alama. Tena tusidhani kwamba filamu hizi zote ni za watu wazima: The Sixth Sense na Ouija ziliainishwa Marekani kwa alama ya PG-13, ambayo haimzuii mtoto bali inamtahadharisha mzazi. Vijana ndio wateja wake.

Pili, mtoto akishatazama, tusianze na bakora. Tumuulize ameona nini, ameogopa nini, na nani alimkumbuka alipokuwa akitazama. Swali hili la mwisho ndilo lenye siri. Kisha tumsomeshe nyiradi za kulalia, Ayatul Kursiyu na Qul zile tatu, tukikaa naye kitandani mpaka usingizi umchukue. Mtoto aliyeogopa huhitaji sauti ya mzazi kabla ya mawaidha.

Tatu, katika nyumba yenye msiba tusiwafiche watoto jina la marehemu kwa kudhani tunawahurumia. Mtoto asiyeruhusiwa kumtaja baba yake sebuleni atamtafuta gizani. Tumtaje, tumcheke kwa mazuri yake, tumuombee. Na tumpe mtoto kazi ya kumfanyia marehemu: dua kila baada ya sala, shilingi kidogo za sadaka siku ya Ijumaa, mche wa mwembe uani. Tumefundishwa kwamba amali za mtu hukatika anapokufa isipokuwa mambo matatu, na moja katika hayo ni mtoto mwema anayemuombea. Binti huyu wa miaka 13 ana uwezo wa kumfikia baba yake ambao hakuna mpiga ramli aliye nao.

Nne, neno hili ni kwa waume na sisi wenyewe. Tuandike. Mtume amefundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Daftari moja kabatini, lenye madeni tunayodaiwa na tunayodai, amana za watu na siku za saumu tulizobakisha, litawaokoa wajane wetu na fedheha nyingi. Asiyeandika leo, kesho huenda akawaachia watoto wake kikombe na katoni.

Tukipita makaburini tumefundishwa kuwatolea salamu waliolala humo, na kuwaombea afya ya akhera. Tunawasalimu, wala hatungoji waitikie. Tunaondoka tukarudi nyumbani kulipa madeni yao, kuunga undugu wao na kuwalea watoto wao. Hayo ndiyo mazungumzo yetu nao.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu, waume na wake zetu, na watoto waliotutangulia, ayapanue makaburi yao na ayatie nuru. Awape subira waliofiwa, na atulindie watoto wetu macho na nyoyo zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.